Kuku ameganda kiotani: una siku mbili za kuamua

Kuku wa kienyeji akishataga mayai yake 12 au 14 hubadilika ghafla. Hachakuri tena uwanjani na wenzake, anajibanza kiotani, ukimsogelea anafura manyoya na kufoka, na jioni wengine wakipanda fito za kulala yeye habanduki. Kwa mwenye kuku 6 au 10 nyuma ya nyumba huku kusini mwa Tanzania, awe Mikindani, Masasi au Ruangwa, hapo ndipo kosa kubwa hufanyika, tena kimyakimya: mayai yanaokotwa kila siku, kuku anaachwa alalie nyasi tupu, na watu wanangoja achoke mwenyewe.

Hachoki upesi. Anaweza kulalia kiota kitupu wiki 3, 4, hata zaidi, maana anachongoja ni kusikia vifaranga chini yake. Muda wote huo hatagi, anakula kidogo, anakonda. Ukimkatisha unapata mayai, ukimwekea mayai unapata vifaranga. Ukimwacha hivyohivyo unapata kuku mwenye kifua cha mfupa na kiota kilichojaa utitiri.

Njia za maana ni tatu: kumkatisha, kumwekea mayai, au kumshikilia siku chache mpaka wenzake nao waanze ili waatamie pamoja. Kila moja ina mahali pake, na zote hufanyika kwa urahisi zaidi zikianza ndani ya siku 2 za kwanza. Sababu iko ndani ya mwili wa kuku mwenyewe.

Kwa nini siku za mwanzo zina uzito

Kuatamia huendeshwa na homoni iitwayo prolaktini, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Huanza kupanda kuku anapoona na kugusa mayai yaliyorundikana, hasa kiota kikiwa na giza, joto na utulivu. Ikishapanda, utagaji unafungwa: viini vilivyokuwa vinakua kwenye ovari husinyaa na kunyonywa na mwili, undu wa kichwani hupauka na kunywea. Manyoya ya kifuani hupukutika au huyanyofoa mwenyewe, ngozi inabaki wazi, nayo hujaa mishipa ya damu ili joto lifike kwenye mayai bila kizuizi. Kule kugusana kwa ngozi hiyo na kiota ndiko kunakoichochea prolaktini iendelee kutoka. Amelala kwa sababu ya homoni, na homoni inatoka kwa sababu amelala.

Siku ya kwanza na ya pili fundo hili halijakaza. Ukimtoa hapo, kuku mwenye afya anaweza kurudi kutaga baada ya wiki 1 hadi 2. Akishalala siku 10, ovari imekwisha kusinyaa na mwili una kazi ya kuijenga upya, kwa hiyo hata ukifanikiwa kumkatisha utangoja zaidi.

Kuku wa mayai wa kisasa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasiatamie, na machotara kama Kuroiler na Sasso nao huatamia kwa nadra. Ndiyo maana mwenye kundi la mchanganyiko huona ni kuku wa kienyeji tu wanaoganda, na mara nyingi kwa kufuatana: leo huyu, keshokutwa yule. Hakuna kuambukizana hapo. Wote wanataga kiota kimoja, na rundo linalomwamsha mmoja linaonwa na wote.

Hakikisha kwanza

Mfuate usiku, saa 2 hivi, na tochi iliyofunikwa kitambaa. Ingiza mkono taratibu chini ya kifua, kiganja kikitazama juu. Kuku asiyeatamia ataruka na kupiga kelele. Anayeatamia atajaza manyoya, atatoa mlio wa kukoroma, huenda akakudonoa, kisha atajishusha palepale juu ya mkono wako, na mara nyingine atauvuta kwa mdomo kuelekea kifuani kama anavyovuta yai lililotoka pembeni. Utasikia joto la ngozi tupu kiganjani. Ikiwa hivyo usiku 2 mfululizo, anaatamia. Mchana kuna ushahidi mwingine: kinyesi. Hujizuia asichafue kiota, na akitoka mara moja kwa siku huangusha bonge kubwa lenye harufu kali. Ukilikuta uwanjani usidhani anaharisha.

Wapo wawili wanaofananishwa naye. Wa kwanza ni kuku aliyekwamwa na yai: huingia na kutoka kiotani, husimama kama aliyechutama, mkia chini, anajikamua, na hafoki ukimgusa. Wa pili ni mgonjwa. Naye hufura manyoya, lakini mwili wake ni mlegevu, macho yamefumba, kinyesi ni cha kijani au cha majimaji meupe, na mkono wako haumshughulishi. Huyo mtenge mbali na wenzake na umwone mtaalamu wa mifugo wa kata siku hiyohiyo, kwa sababu kideri (mdondo) huweza kuanza hivyo, na mizaha na kideri humaliza banda zima.

Hesabu ya kuchagua

Tuchukue kuku anayetaga mayai 13 kwa siku 20, anaatamia siku 21, halafu analea wiki 10. Huo ni mzunguko wa siku 111, yaani mara 3 kwa mwaka na mayai yasiyozidi 40. Vifaranga wakitengwa na mama wakiwa na wiki 4, naye akarudi kutaga baada ya siku 12 hivi, mzunguko unashuka hadi siku 81, mara 4 na ushee kwa mwaka. Akikatishwa kila anapoanza: siku 20 za kutaga, 4 za kufungiwa kwenye tenga, 12 za kurudi, jumla 36. Kwenye karatasi hiyo ni mizunguko 10 na mayai 130. Bandani haifiki huko, kwa sababu mwili wa kuku anayejitafutia jalalani hauna akiba ya kutengeneza mayai hayo yote. Asipopata dagaa, mashudu na chokaa, mayai yatakuwa madogo na maganda mepesi. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kulipuuza. Mwenye kuku 6 hahitaji wote wawe mama. Wawili wanatosha, wengine watage.

Msimu nao una sauti. Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Wakati mzuri wa kuatamiza ni kuanzia mwisho wa mvua hadi Julai: tope limekauka, upepo wa kusi umepunguza joto, na baada ya mavuno kuna punje na pumba za kutosha kila nyumba. Vifaranga wa miezi hiyo hupata umbo kabla ya kiangazi kukaza, kipindi ambacho kideri hupenda kupita vijijini.

Oktoba hadi Desemba tungemkatisha karibu kila kuku. Joto ni kali, na katika nyumba nyingi za Tandahimba na Newala watu wako kwenye korosho toka alfajiri hadi jioni. Kuku anayeatamia nyumba ambayo haina mtu ni karamu ya kenge.

Kumkatisha: kazi ya tenga

Chombo chenyewe kipo tayari: tenga la fito au mianzi, lile la kusafirishia kuku. Lina sifa zote zinazotakiwa, kwa sharti moja, kwamba sakafu yake iwe ya fito zenye nafasi ya upana wa kidole kati yake, sentimita 2 hadi 2.5, na isiwekwe nyasi, gunia wala boksi. Liinue sentimita 30 hadi 50 kutoka chini kwa mawe manne au uliegeshe juu ya miti miwili, chini ya mwembe au mkorosho wenye kivuli cha kutwa. Upepo upite chini. Kifua kinachopigwa na hewa hakipati lile joto la kugusana na kiota, na homoni inakosa kichocheo.

Muda ni usiku 3 kamili. Mchana tenga likae mahali penye mwanga, kuku akiwaona wenzake, ili wasimshambulie kama mgeni siku ya kurudi. Usiku lihamishie kibarazani au ndani ya banda, bado likiwa limeinuliwa. Kama ni mahali penye siafu, simamisha kila mguu wa kichanja ndani ya kopo la maji yenye matone machache ya mafuta ya taa. Kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na siafu humuua.

Chakula asinyimwe. Mpe gramu 80 hadi 100 kwa siku, mtama au mahindi yaliyoparazwa yakichanganywa na pumba na dagaa kidogo, na maji kwenye kopo lililofungwa ubavuni ili asilipindue. Ongeza magamba ya chaza au kome yaliyotwangwa, ambayo pwani hayana bei. Anatakiwa arudi kutaga, na mayai hayatoki kwenye njaa.

Siku ya nne mfungulie saa 9 alasiri, wakati wataga wengi wamekwisha kutaga. Kabla ya hapo kile kiota chake kiwe kimeondolewa nyasi na kupinduliwa. Mtazame mpaka magharibi. Akichakura, akajitimulia vumbi, kisha akapanda fito na wenzake, yamekwisha. Akikimbilia kona ileile, mrudishe tengani usiku 2 mwingine. Aliyekwisha kulala wiki nzima kabla hujaanza, usishangae akihitaji siku 6 au 7.

Tenga likishindwa, mara nyingi kosa ni la mwenye kuku. Kuna anayeona huruma usiku wa kwanza na kumwekea gunia alalie. Hapo ametengeneza kiota. Kuna anayemfungia stoo, kwenye giza na joto, vitu ambavyo kuku anavitafuta. Kuna anayemtoa baada ya siku moja kwa kuwa “ametulia”, ilhali kutulia ndiyo dalili yenyewe.

Kumchovya kwenye ndoo ya maji hupoza ngozi kwa muda mfupi. Akikauka anarudi kiotani. Miezi ya kusi, tena jioni, unaweza kumfanya augue bure. Kumfunga mguu kwenye mti hufanya kazi nusu, kwa vile ardhi ina vumbi la joto na atajichimbia shimo alilalie. Kumchomeka unyoya puani tunasema tusifiche: ni kumuumiza tu, kidonda kinapata usaha na prolaktini haina habari.

Kumwekea mayai

Hapa watu wengi huanza na kuku na kusahau yai. Yai lenye kifaranga hutoka kwenye kundi lenye jogoo, na jogoo mmoja mwenye nguvu anatosha majike 8 hadi 10. Mayai ya trei ya dukani hutoka kwa kuku wasiokaa na jogoo; kuku wako atayalalia siku 21 kwa uaminifu wote na hakuna kitakachotoka. Kama huna jogoo, nunua kwa jirani mwenye naye. Ukipata ya Kuroiler au Sasso yenye jogoo, kuku wa kienyeji atayatotoa vizuri, ila ni makubwa, kwa hiyo mpe 8 badala ya 11. Ujue pia kwamba vifaranga wa machotara hao hawatafanana na wazazi wao kwa ukuaji.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu mayai mengi ukanda wa pwani. Kijusi ndani ya yai kinapaswa kusinzia mpaka siku ya kuatamiwa, na husinzia vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi. Chumba cha Mtwara mjini au Lindi mjini miezi ya kaskazi hakifiki huko hata usiku wa manane, kwa hiyo kijusi kinaamka nusu, kinakua kidogo, kinadhoofu na kufa. Friji ya nyumbani nayo ina baridi kupita kiasi. Tumia chungu kipana chenye mchanga: mwagia maji mchanga wa pembeni asubuhi na jioni, mayai yakae kwenye kisahani kikavu katikati, ncha nyembamba chini, mdomo wa chungu ufunikwe kitambaa chepesi, mbali na jiko. Hata hivyo usipitishe siku 5 wakati wa joto, 7 wakati wa kusi. Yaokote kila siku, usiyaoshe (maji hufungua vitundu vya ganda na kuingiza vijidudu), na ondoa yenye ufa, ya duara kama mpira au yenye ganda la chokaachokaa.

Kiota kiwe na upana wa sentimita 35 hivi. Nusu ya chungu kilichopasuka inafaa, karai kuukuu pia. Weka udongo wenye unyevu kina cha sentimita 5, ukandamize kwa ngumi upate umbo la bakuli lisilo na kina, kisha tandaza nyasi kavu laini. Bakuli likiwa na kina kirefu mayai yanapandana na kuvunjana. Likiwa bapa yanabiringika pembeni na kupoa. Nyunyiza jivu na majani makavu ya mwarobaini chini ya nyasi, na kuku mwenyewe mpake dawa ya unga ya utitiri kutoka duka la mifugo siku 2 kabla. Usitumie maganda ya korosho kama tandiko, mafuta yake huunguza ngozi. Na kuhusu salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho ambayo nyumba nyingi za huku hazikosi mfuko wake: ni kweli huua utitiri, lakini unga wake huwasha macho na mapafu, kwa hiyo usiuweke ndani ya kiota. Dawa za maji za kupulizia mikorosho zisikaribie banda kabisa.

Kuku wa wastani hufunika mayai 10 hadi 13, mdogo 8. Kipimo ni macho: akishatulia, yai lolote linalochungulia ubavuni litolewe. Ukiliacha, haliharibiki peke yake. Kuku huyazungusha mayai kutwa, kwa hiyo kila yai litapata zamu ya kukaa nje na kupoa, na utapoteza matano kwa tamaa ya moja. Wapo wanaoshikilia kwamba idadi iwe witiri. Haidhuru kitu.

Hamisha kuku usiku. Mweke kwanza juu ya mayai 2 ya bandia au ya zamani, mngoje usiku mmoja, akikubali mahali papya ndipo umwekee mayai yote kwa pamoja jioni inayofuata. Yatie alama ya penseli au mkaa, duara kamili la kuzunguka yai, ili lionekane upande wowote. Wenzake watapenyeza mayai yao humo. Kila jioni lisilo na alama liondoe. Yai lililoingia siku ya 6 litakuwa bado limebakiza siku 4 au 5 wakati mama anainuka na vifaranga.

Kuanzia hapo kazi yako ni ndogo. Maji na konzi ya punje nzima vikae karibu, lakini asifikie akiwa amelala, ili alazimike kuinuka. Hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, na mayai hayadhuriki. Kama siku 2 zimepita bila kutoka, mwinue, ukitazama kwanza kama kuna yai chini ya mbawa. Kiota kisiwe chini ya bati linalopigwa na jua la mchana. Joto la kupita kiasi huua kijusi haraka kuliko ubaridi. Wenye makuti wana bahati.

Siku ya 7 pima. Usiku, chumba chenye giza, tochi ya simu na kigogo cha karatasi ya chooni: bana ncha pana ya yai juu ya kigogo. Yai lililo hai lina kitone cheusi na mishipa inayotawanyika kama buibui. Lililo angavu halina kitu. Lenye duara jekundu kama pete lilianza likafa. Rudia siku ya 14: hai litakuwa jeusi karibu lote, isipokuwa uwazi wa hewa upande mpana. Yaliyokufa yatoe, yaliyobaki yatapata joto zaidi. Baada ya siku ya 18 usishike tena.

Kumshikilia ili wenzake wamfikie

Hii ndiyo njia tunayoipenda zaidi kwa kundi dogo, na ndiyo isiyotumika vya kutosha. Wa kwanza akianza, usimpe mayai. Mwachie 2 ya bandia, au mayai mabovu yaliyotiwa alama, na yale mazuri yaende kwenye chungu cha mchanga. Ndani ya wiki moja, kuku mmoja au wawili wengine waliokaribia kumaliza kutaga nao wataganda. Jioni moja wote watatu wapewe mayai. Ukiatamiza Ijumaa jioni, tegemea vifaranga Ijumaa ya tatu.

Faida inaonekana siku hiyo. Watoto wote wana umri mmoja, wanaweza kulelewa na mama mmoja, hadi 20 au 25 msimu wa joto na wachache zaidi wakati wa baridi, na chanjo zao zinaangukia siku moja. Wale mama wawili waliobaki wanaingia tengani usiku 3 na kurudi kutaga. Vifaranga wapitishwe kwa mama mlezi usiku, gizani, wakiwa na umri usiopishana zaidi ya siku 2. Ukimpelekea mchana anaweza kuwadonoa hadi kufa.

Mpaka wake ni siku 7. Kuku anayengoja anakonda kama anayeatamia kweli, na ukimshikilia siku 12 halafu ukampa mayai, anaweza kuinuka hata siku ya 15 ya kazi halisi, mayai yakiwa yamebakiza siku 6. Kwa sababu hiyohiyo hatupendi ile ya kumnyang'anya vifaranga na kumwekea mayai mapya mara ya pili, labda kama ni kuku mnene, msimu wa baridi, na mfukoni pana hela ya chakula.

Kuanzia siku ya 19

Acha. Kifaranga hudonoa, hupumzika saa nyingi, huzunguka ganda, hutoka; kumsaidia kubandua ganda ni kumkatia mishipa ambayo bado ina damu. Wa kwanza na wa mwisho wanaweza kupishana siku 1 hadi 2, nao wa kwanza hawafi njaa, wamebeba kiini tumboni. Mama huinuka siku ya 22 au 23. Hapo wape maji kwenye kifuniko kifupi chenye vijiwe, na chakula cha vifaranga. Wiki 2 hadi 3 za kwanza mama na watoto wakae chini ya tenga lililofudikizwa au kwenye uzio uliofunikwa juu, hasa mjini ambako kunguru hawana aibu. Tone la kwanza la chanjo ya kideri, ile ya jichoni, lianguke wiki ya kwanza kwa ratiba ya mtaalamu wenu, kisha irudiwe.

Mayai yaliyobaki usiyatupe kabla ya kuyasoma. Yapeleke kwenye shimo mbali na nyumba, upande ambao upepo unakwenda, uyapasue upande mpana moja moja. Kiini kizima bila damu maana yake jogoo: mzee, mgonjwa, au majike ni mengi kuliko uwezo wake. Kama mayai hayo yalikaa chunguni siku 9, usimlaumu jogoo peke yake. Kijusi kidogo chenye jicho jeusi kilikufa wiki ya kwanza, kwa hiyo tazama uhifadhi na usafirishaji. Kifaranga mwenye manyoya, kiini bado nje ya tumbo, alikufa kati ya siku ya 14 na 19: mama aliachia kiota. Pitisha kitambaa cheupe chini ya nyasi za kiota hicho usiku. Ukiona vidoti vyekundu vinatembea, umempata mhalifu, na nyasi zote zichomwe kabla kuku mwingine hajakitamani. Kifaranga kamili aliyetoboa na kufia humohumo mara nyingi alisumbuliwa siku za mwisho, au udongo wa chini ulikauka kabisa, jambo la kawaida zaidi huko juu Newala wakati wa kiangazi kuliko pwani.

Kuna na yale mepesi, yenye ganda la kijivujivu, yanayotoa jasho na ukiyatikisa yanachezacheza. Hayo yalikuwa na ufa, yalichafuka au yalioshwa, na sasa yamejaa gesi. Hayo usiyapasue. Yazike yakiwa mazima.